Kabla hujatuma hela ya tiketi, uliza mlango wa kutokea uko wapi

Hebu fungua bango la tamasha lolote lililokufikia kwa simu wiki hii. Utaona jina la msanii mkuu kwa herufi kubwa, wale wa kumfungulia jukwaa kwa herufi ndogo, madijei, nembo za wadhamini, bei ya tiketi ya kawaida, ya VIP, ya VVIP, ya meza ya watu kumi, na mwisho namba ya kulipia kwa M-Pesa. Sasa tafuta kwenye bango hilohilo: wanaruhusu watu wangapi? Milango ya kutokea ni mingapi? Maji ya kunywa yako wapi, na ni pesa ngapi? Kuna ambulensi? Hakuna kitu. Bango linajua kila kitu kuhusu mfuko wako na halijui lolote kuhusu mwili wako.

Hoja yangu ni fupi. Usalama kwenye tamasha ni kitu tunacholipia. Uko ndani ya bei ya tiketi, sawa na muziki. Lakini sisi mashabiki tunadai muziki tu. Msanii akichelewa tunamchoma mtandaoni mpaka asubuhi. Promota akifungua lango moja kwa maelfu ya watu tunasema, "Ni Nairobi bana, itajipa." Haijipi yenyewe. Kuna mtu huwa ameipanga, au kuna mtu ameacha kuipanga akaweka hela mfukoni.

Sikumaliza chuo, lakini hesabu ya watu na milango haihitaji digrii. Twende nayo polepole.

Watu hufa wakiwa wima

Tuanze na neno ambalo vyombo vya habari hupenda: mkanyagano. Ukilisikia unapata picha ya watu waliopagawa, wanakimbia ovyo, wanakanyaga wenzao. Picha hiyo inawafaa sana waandalizi, kwa sababu inamaanisha umati ndio ulioua. Ati vijana hawana nidhamu. Ati walikuwa wamelewa.

Wanaochunguza ajali za umati wanaeleza kitu tofauti. Mara nyingi watu hawafi kwa kukanyagwa. Wanakufa kwa kukosa pumzi, na wengine hufa wakiwa bado wamesimama. Chora sakafuni mraba wa mita moja kwa mita moja. Watu wawili au watatu wakisimama humo, wanacheza bila shida. Wakifika watano, hatari inaanza. Wakifika sita au saba, hakuna anayetembea kwa hiari yake tena. Umati unakuwa kama maji: mtu anasukuma huko nyuma, msukumo unasafiri kama wimbi mpaka mbele, na wewe unabebwa tu. Kifua kinakosa nafasi ya kupanuka. Unavuta hewa kidogo, halafu kidogo zaidi. Walio nyuma hawana habari. Wao wanaona mikono iko juu, wanadhani huko mbele ndiko sherehe imeiva.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Houston, Marekani, tarehe 5 Novemba 2021, kwenye tamasha la Astroworld la Travis Scott. Watu 10 walikufa, mdogo wao akiwa na miaka 9 na mkubwa wao miaka 27. Uchunguzi wa maiti ulionyesha walibanwa hadi wakakosa hewa. Na muziki uliendelea kwa takriban nusu saa baada ya maafisa wa dharura kutangaza kwamba majeruhi ni wengi.

Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2022, ilikuwa zamu ya London. Asake wa Nigeria alikuwa akitumbuiza Brixton Academy. Nje kulikuwa na umati uliokuwa ukisukuma milango. Watu 2 walikufa, na mmoja wao alikuwa mlinzi aliyekuwa kazini. Soma hiyo tena: hata yule aliyewekwa pale kuwalinda wengine hakuwa na kitu cha kumlinda.

Na usiseme hayo ni mambo ya majuu. Usiku wa kuukaribisha mwaka 2023, pale Freedom City, Kampala, watu walikuja kusherehekea Mwaka Mpya. Baada ya fataki za saa sita usiku, umati ukabanana kwenye njia nyembamba. Watu wasiopungua 9 walikufa, wakiwemo watoto. Kampala ni usiku mmoja tu kwa basi kutoka hapa. Nasi pia tuna yetu. Oktoba 2010, mashabiki 7 walikufa kwenye msongamano katika uwanja wa Nyayo, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mwili wako langoni haujui kama umekuja kuona mpira au kusikiliza Amapiano.

Ukiziweka ajali hizi pamoja na ile ya Love Parade kule Duisburg, Ujerumani, mwaka 2010, ambako watu 21 walikufa kwenye njia iliyopitia handakini na iliyotumiwa na wanaoingia na wanaotoka, unaona kitu kinachojirudia. Njia ni nyembamba, au watu ni wengi kuliko nafasi, au hakuna mwenye mamlaka ya kusema "simamisha" kwa wakati. Hayo yote yanaamuliwa na watu walioketi ofisini wiki kadhaa kabla wewe hujachagua viatu vya kuvaa.

Ratiba ni usalama

Sasa njoo kwetu. Tiketi inasema milango inafunguliwa saa nane mchana. Wewe na mbogi yako mnajua hiyo ni hadithi. Msanii mkuu hatapanda kabla ya saa saba usiku, na pengine saa tisa. Saa yake kamili haijatangazwa, kwa sababu promota anataka ukae muda mrefu ununue vinywaji. Kwa hivyo kila mtu anakisia. Na kwa kuwa wote tunakisia sawa, wote tunatua langoni kati ya saa tatu na saa nne usiku.

Hapo ndipo hesabu inaharibika. Chukua mfano wangu wa kubuni. Soja mmoja akichukua sekunde kumi kukupekua na kuskani tiketi yako, anapitisha watu sita kwa dakika, watu 360 kwa saa. Masoja watano wanapitisha watu 1,800 kwa saa. Watu 6,000 wakifika pamoja, wa mwisho wataingia baada ya saa tatu na dakika ishirini. Hakuna Mkenya aliyelipa elfu nne atakayesimama nje kwa saa tatu huku akisikia besi inapiga ndani. Watasukuma. Na anayeuza tiketi za dakika za mwisho palepale langoni amefunga fundo juu ya fundo.

Wale waliofika mapema nao wana shida yao. Wamekuwa pale tangu mchana, wamekunywa saa kumi mfululizo, na pengine chakula chenyewe ni chipsi za mia tano walizogawana watu watatu. Saa saba usiku msanii akipanda, hao ndio wanaobebwa kuletwa kwenye banda la huduma ya kwanza.

Dawa ya haya yote si ghali. Tangaza saa ya kila msanii na uifuate. Watu watakuja kwa mafungu, watakula, watapumzika, na lango litapumua. Tukililia ratiba, tusiililie kwa sababu ya heshima ya muda peke yake. Ratiba inaokoa mbavu za watu.

Na kuna jambo la VIP ambalo lazima tulisema. Nafasi nzuri mbele ya jukwaa inazungushiwa uzio, inawekewa viti na meza na chupa zenye cheche za moto. Mara nyingi humo ndani kuna watu wachache walioketi, huku nyuma ya uzio mamia ya watu wa tiketi ya kawaida wamebanwa kwenye chuma. Sina kinyongo na mwenye pesa zake. Lakini kila uzio unaojengwa unapunguza nafasi ya mtu mwingine kupumua, na kila uzio unahitaji mahali pa kufunguka haraka. Uliza hilo. Uzio usiofunguka ni ukuta.

Maji si bidhaa ya anasa

Tarehe 17 Novemba 2023, kulikuwa na joto kali sana Rio de Janeiro, Brazil. Taylor Swift alikuwa na onyesho uwanjani. Mashabiki hawakuruhusiwa kuingia na chupa zao za maji. Msichana wa miaka 23 alizirai mapema kwenye onyesho, akafa. Baada ya hapo ndipo serikali ya Brazil ilipoagiza watu waruhusiwe kuingia na maji yao na waandalizi watoe maji bure. Maji, jamani. Ilibidi mtu afe ndipo maji yaonekane ni haki.

Hapa kwetu utaratibu wa langoni unaujua. Soja anakunyang'anya chupa yako, anaitupa kwenye rundo. Ukiingia ndani, chupa ya nusu lita unauziwa mara tatu au nne ya bei ya dukani. Wakati mwingine bia inakaribia kulingana bei na maji, na kijana mwenye hesabu ya haraka anasema bora bia. Halafu tunashangaa wasee wamezima kabla ya saa nne.

Utaniambia Nairobi ina baridi. Julai, ndiyo. Lakini sherehe zetu kubwa za mwisho wa mwaka ziko Pwani, Kilifi na Diani, mwezi Desemba ambapo jua halina mchezo. Na hata Nairobi usiku, ukicheza kwa saa sita ndani ya umati, mwili unapoteza maji mengi, na pombe inakukojoza uzidi kuyapoteza. Dalili si ngumu: kichwa kuuma, kizunguzungu, midomo kukauka. Mtu akianza kuchanganyikiwa, kuongea mambo yasiyoeleweka au kuanguka, na ngozi yake ni moto sana, hiyo ni dharura. Mtoe kwenye joto, mlegeze nguo, mmwagie maji na umpepee huku mwenzako akikimbilia wahudumu.

Halafu kuna siri ambayo wasichana wanaijua na mapromota wa kiume hawaifikirii. Wasichana wengi hawanywi maji kwenye tamasha kwa sababu hawataki kwenda chooni. Foleni ni ndefu, taa hakuna, mlango haufungi, na harufu inakupokea ukiwa mita ishirini. Kwa hivyo wanakaa na kiu usiku kucha. Choo kisafi chenye taa ni suala la afya sawa na ambulensi.

Uingereza na Wales, baa au ukumbi wenye leseni ya kuuza pombe ya kunywewa palepale unalazimika kumpa mteja maji ya kunywa bure akiomba. Hilo halijafilisi biashara ya pombe kule. Tangi la maji safi na mifereji sita halitafilisi tamasha lenye wadhamini kumi kwenye bango.

Keroro, mchele na mtu aliyezima

Sitakuhubiria kuhusu pombe. Una mama, una kanisa au msikiti, wameshasema. Nataka tuongee kuhusu kinachofanyika baada ya chupa kufunguliwa.

Kwanza, pombe yenyewe. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa kule Kirinyaga kwa kunywa pombe yenye sumu. Tukadhani hayo ni mambo ya wazee wa vijijini. Lakini chupa feki haijui mtaa. Ukinunua mzinga wa bei ya kutupa nje ya lango, hujui umemimina nini. Methanoli hainuki tofauti na pombe ya kawaida, na dalili zake zinaweza kuchelewa mpaka kesho yake: kichwa kinagonga, tumbo linauma, macho yanaona ukungu. Ukiona macho yamefifia baada ya kunywa, usijiambie ni hangova. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kuna matibabu, lakini kila saa unayongoja inakula macho yako au uhai wako.

Pili, mchele. Kila mtu mtaani anajua kisa cha mtu aliyewekewa mchele akaamka asubuhi bila simu, bila viatu na akaunti ya M-Pesa ikiwa sifuri. Tunazicheka hizo stori kwa sababu mwathiriwa ni mwanamume aliyekuwa anatafuta raha. Zinakoma kuchekesha pale aliyewekewa ni beshte yako wa kike na anayeondoka naye ni mtu ambaye mbogi yenu haimjui. Mtu aliyekunywa chupa mbili tu halafu ghafla anashindwa kusimama, usimwache aondoke na "rafiki" yeyote. Ukionekana mnoko, sawa. Kesho atakushukuru.

Tatu, mtu aliyezima. Hapa tuna mila mbaya sana. Tunampa maziwa. Tunampa kahawa. Tunammwagia maji ya baridi usoni, tunampiga makofi, tunamrekodi video, kisha tunamfungia ndani ya gari "alale itoke". Maziwa hayaondoi pombe iliyo kwenye damu. Na mtu aliyelala chali akitapika anaweza kusongwa na matapishi yake huku mkidhani anakoroma.

Cha kufanya ni rahisi. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe limzuie asipinduke, kichwa kiinuliwe nyuma kidogo ili matapishi yatoke nje. Usimlazimishe kutapika. Usimwache peke yake hata dakika moja. Kama hajibu ukimwita, anapumua polepole sana au kwa vipindi, au midomo inabadilika rangi, hilo limepita uwezo wa mbogi. Ita wahudumu, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu. Na uwaambie ukweli kuhusu alichokunywa au alichomeza. Hawakuja kukukamata, na hawatampigia mama yako. Wengi hufichwa nyuma ya gari kwa sababu marafiki wanaogopa polisi, na hofu hiyo inamwacha mgonjwa bila msaada.

Ukifika hospitali na wakianza na habari za pesa, kumbuka Kifungu cha 43 cha Katiba: hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sema kwa sauti, kwa adabu, na urudie.

Mikono isiyo na mwenyewe

Muulize msichana yeyote ambaye huenda matamasha mara kwa mara. Atakwambia kuhusu mikono. Umati umebanana, mkono unakuja kutoka nyuma, ukigeuka kila mtu anatazama jukwaa. Wasichana wamejifunza kuvaa kaptura ngumu chini ya sketi na kutembea wakiwa wameshikana kama mnyororo. Hilo lisiwe jukumu lao. Ndugu zangu wanaume, ukimwona rafiki yako akifanya hivyo, wewe ndiye wa kwanza kumtoa pale. Usingoje soja.

Na waandalizi wawe na mahali palipo wazi pa kupeleka malalamiko, penye mhudumu wa kike na taa, pasipo baunsa wa kumwuliza msichana alikuwa amevaa nini. Jambo likizidi na mtu akabakwa, saa 72 ni muhimu sana: dawa za kuzuia HIV zinafanya kazi zikianzwa ndani ya muda huo, na mapema ndivyo bora. Asioge, asifue nguo, aende hospitali kwanza, fomu za polisi zitafuata. Simu ya bure ya 1195 inasaidia wahanga wa ukatili wa kijinsia saa 24.

Masikio na safari ya kurudi

Masikio nayo ni mwili. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 wa usalama wa sauti kwenye kumbi na matamasha: wastani wa sauti usizidi desibeli 100, pawe na sehemu tulivu ya kupumzisha masikio, na vizibo vya masikio vipatikane. Ukilala na mlio wa "piiiii" kichwani, hayo ni masikio yanalalamika. Huo mlio ukija mara nyingi, siku moja hauondoki. Usisimame mbele ya spika usiku kucha, hata kama ndipo picha zinatoka poa.

Na tamasha haliishi langoni. Saa kumi alfajiri barabara ya nje haina taa, simu ina asilimia tatu ya chaji, teksi imepanda bei mara nne, na kuna beshte anasema yuko sawa kuendesha kwa sababu anajua njia ya kukwepa alkoblo. Kukwepa alkoblo hakumkwepeshi nguzo ya stima. Mpange usafiri kabla ya kinywaji cha kwanza, na mwandalizi anayewapeleka maelfu ya watu mahali pasipo na matatu usiku anapaswa kupanga mabasi ya kuwarudisha mjini.

"Mtaua sekta"

Najua jibu la mapromota, kwa sababu huwa linatolewa kila mara mtu akitaja mambo haya. Gharama ziko juu. Kuna ada za kaunti, kuna wasanii wa nje wanaodai dola, kuna mvua. Mkiongeza masharti, mtaua sekta na vijana watakosa kazi. Pia wanasema kuna vijana wanaoruka ua bila tiketi na kuvuruga mipango yote.

Hoja hizo zina uzito. Anayeruka ua kweli anaiba nafasi na pumzi ya aliyelipa, na tuache kumshangilia. Lakini kama unajua kila mwaka kuna watu wanaruka ua, basi hilo si ajali, ni jambo la kupangia. Kuhusu gharama, tazama Roskilde, Denmark. Juni 2000 mashabiki 9 walikufa pale mbele ya jukwaa wakati Pearl Jam wakicheza. Tamasha halikufungwa. Walipanga upya eneo la mbele ya jukwaa, wakaligawa kwa vizuizi na kudhibiti idadi ya wanaoingia. Mpaka leo lipo, na bado ni miongoni mwa matamasha makubwa Ulaya. Kinachoua sekta ni maiti.

Na kusimamisha muziki hakugharimu chochote. Februari 2022 huko Atlanta, Billie Eilish alikatiza onyesho ili shabiki aliyekuwa akishindwa kupumua apewe inhela, kisha akaendelea. Hakuna aliyedai kurudishiwa pesa. Msanii wetu mwenye maikrofoni anaweza kuona kutoka juu kitu ambacho soja wa chini haoni. Akiona watu wanavutwa juu ya uzio, asiseme "Nairobi, mko na nguvu!" Asimamishe.

Maswali matano kabla ya kulipa

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kulindwa afya na usalama wake. Mwenye tiketi ni mteja. Lakini haki isiyoulizwa hulala. Nguvu yetu iko kabla hatujabonyeza PIN. Baada ya hapo promota ana hela na wewe una ujumbe wa M-Pesa. Kwa hivyo nenda kwenye ukurasa wao, chini ya bango, uulize hadharani:

1. Mnauza tiketi ngapi, na mahali penu panabeba watu wangapi?
2. Milango ya kutokea ni mingapi, iko wapi, na itakuwa na taa?
3. Maji ya kunywa ya bure yatapatikana wapi?
4. Wahudumu wa afya ni kina nani, na ambulensi itaegeshwa wapi?
5. Kila msanii anapanda saa ngapi?

Mtu mmoja akiuliza, atapuuzwa au atablokiwa. Mia mbili wakiuliza maswali hayohayo matano chini ya kila bango, mdhamini ataona, na mdhamini ndiye promota anayemwogopa. Wanaojibu vizuri, tuwape hela zetu na tuwasifu kwa majina. Wanaojibu kwa emoji ya moto, tuwaachie tiketi zao.

Ukishaingia, fanya mambo machache. Tafuta njia ya kutokea kabla hujatafuta baa, na mkubaliane na mbogi mahali pa kukutania mtandao ukikatika. Ukihisi umati umekubana mpaka huwezi kuinua mikono yako, hujachelewa lakini muda ni mdogo. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia ili mbavu zipate nafasi. Usishindane na wimbi. Likitulia, sogea kimshazari kuelekea pembeni. Simu ikianguka, iache. Mtu akianguka, mwinue.

Desemba inakuja, na sherehe nazo. Nataka twende, tucheze, tupige kelele mpaka sauti zikauke. Nataka pia Jumatatu mbogi nzima iwe kwenye grupu la WhatsApp ikibishana nani alichoma picha. Kwa hivyo bango likikufikia leo, kabla ya kuuliza nani anatumbuiza, uliza: tukitaka kutoka, tunatokea wapi?